Mkaa wa Vifuu vya Nazi wa Kunasa Mabaki ya Antibayotiki Majini: Mwongozo kwa Anayeanza

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu maswali ninayoulizwa ni yale yale. Mfugaji wa kuku wa Fuoni huuliza iwapo mkaa wa jikoni unatosha kusafisha maji machafu ya banda baada ya kuku kunyweshwa dawa. Mwanafunzi wa stashahada anayetayarisha mradi wake wa mwisho huuliza kwa nini makonyo (vikonyo) ya karafuu yamempa majibu yasiyoingia akilini. Wengine huuliza kama maji ya kisima yakichemshwa dawa iliyomo hutoka. Hili la mwisho nalijibu hapa hapa: kuchemsha huua vijidudu, lakini antibayotiki kadhaa, siprofloksasini ikiwemo, hustahimili joto la maji yanayochemka, kwa hiyo usitegemee sufuria kuondoa dawa.

Sisi wa visiwani tunayo sababu ya ziada ya kulijali jambo hili. Sehemu kubwa ya Unguja, hasa upande wa mashariki wenye ardhi ya maweni, imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango, na maji yanayomwagwa juu hushuka kwa kasi bila ya kuchujwa na udongo mnene. Kuku au binadamu akimeza antibayotiki, sehemu kubwa ya dawa hutoka na mkojo na kinyesi ikiwa bado ni dawa. Dawa hiyo kidogo kidogo ikikaa pamoja na bakteria shimoni au kisimani, bakteria dhaifu hufa na wale wanaoistahimili hubaki wakazaliana, na huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao wataalamu wa afya wa Tanzania huufupisha kwa jina la UVIDA.

Kabla hujaendelea, elewa mipaka ya kazi hii. Mkaa unaoelezwa hapa haufanyi maji yawe salama kwa kunywa. Hauui vijidudu, na mkaa uliokaa na majimaji kwa siku nyingi unaweza wenyewe kuwa makazi ya bakteria. Kazi yake ni kupunguza mabaki ya dawa katika maji machafu ya banda, ya bwawa dogo la samaki au ya maabara kabla hayajamwagwa. Ukitaka pia kutia klorini, itie baada ya maji kupita kwenye mkaa, kwa sababu mkaa huimaliza klorini na utakuwa umepoteza vyote viwili.

Maneno machache juu ya namna mkaa unavyofanya kazi

Mkaa haunyonyi dawa kama sifongo inavyonyonya maji, bali huinasa juu ya uso wake, na kwa kuwa una vitundu vidogo visivyohesabika, uso huo ni mkubwa kuliko unavyodhani. Gramu kumi za mkaa ulioamilishwa (uliotiwa nguvu ya kunasa) vizuri zina uso unaoweza kufunika uwanja mzima wa mpira. Kitendo hiki wanakemia hukiita adsopsheni. Mimi nitakiita kunasa, na kile kinachonasa nitakiita kinasa. Nadharia inayohitajika kwa kuanza ni hiyo tu.

Mmea gani?

Kila anayeanza hutaka kutumia mmea ambao hakuna mwengine aliyeutumia, na hapo ndipo wengi hupotezea miezi. Ushauri wangu ni kuanza na vifuu vya nazi. Vipo kila nyumba inayokuna nazi, ni vigumu, vina majivu machache, na mkaa wake hauvunjiki ovyo ukiwekwa ndani ya bomba la kuchujia. Vifuu hutumiwa kibiashara duniani kote kutengenezea mkaa wa kuchujia maji, kwa hiyo hubahatishi.

Makonyo ya karafuu yana mvuto wake, hasa Pemba, ambako yale yaliyokwisha kukamuliwa mafuta kwa mvuke hubaki kuwa taka. Tatizo ni kwamba makonyo mabichi, na hata yaliyokwisha kukamuliwa, bado yana yujenoli (kiini cha mafuta ya karafuu) na tanini zinazotoka na kuingia majini. Dawa majini tunaipima kwa spektrofotometa, mashine inayosoma mwanga kiasi gani umefyonzwa. Yujenoli hufyonza mionzi ya urujuanimno karibu na nanomita 280, na siprofloksasini husomwa karibu na nanomita 277. Mara ya kwanza nilipojaribu makonyo yasiyochomwa, mashine ilinionesha kwamba dawa imeongezeka badala ya kupungua! Dawa haikuongezeka, nilikuwa ninasoma karafuu. Ukiyataka makonyo, yachome kwanza yawe mkaa kama nitakavyoeleza kwa vifuu.

Maganda ya mpunga kutoka mabonde ya Cheju au Kibokwa hufaa, lakini yana silika nyingi na mkaa wake ni mwepesi, huelea na huziba bomba. Mwani, ambao wakulima wa Paje na Jambiani huniuliza kila mara, usiutumie mbichi, kwa sababu ukilowa hutoa utelezi mzito kama jeli na chujio halipitishi tone. Mbegu za mlonge husaidia kuzamisha tope, jambo jema kabla ya kuanza kunasa, lakini kuzamisha tope si kunasa dawa. Mikoko usiiguse.

Mkaa wa kupikia hunasa kidogo, lakini hujui umetoka mti gani, umechomwa kwa joto gani wala una majivu kiasi gani, kwa hiyo majibu ya leo hayatafanana na ya gunia la kesho.

Vitu vya kutayarisha

Kwa kutengeneza mkaa unahitaji:
- vifuu vikavu, kilo 12 ukikusudia bomba kubwa, au kilo moja kwa majaribio ya maabara;
- kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, lisilo na rangi ya ndani wala plastiki;
- jiko la kuni au seredani kubwa, mahali pa wazi;
- kinu na mchi, machekecheo mawili ya waya (milimita 0.5 na milimita 2), ndoo, na kitambaa cha kuchujia;
- barakoa, miwani ya kinga na glavu.

Kwa vipimo unahitaji mizani inayosoma hadi gramu 0.001, maji yaliyokenekwa (ya mvuke uliopozwa), flaski, pipeti, kipimo cha pH (kinachoonesha maji yana asidi au kinyume chake, ubesi), karatasi za kuchujia, karatasi ya alumini, na spektrofotometa inayofika kwenye urujuanimno. Asiye na vifaa hivi afuate hatua ya 1 hadi ya 5 kisha apeleke mkaa wake kwenye maabara ya skuli au chuo kilicho karibu naye. Dawa safi ya kupimia ipatikane kupitia maabara au mfamasia. Usinunue vidonge kiholela kwa ajili ya mradi.

Hatua za kufuata

1. Safisha vifuu. Kwangua nyama ya nazi na makumbi yaliyobakia, osha kwa maji ya mfereji, kisha anika juani siku tatu au nne hadi kifuu kikivunjwa kitoe mlio mkavu. Wakati wa masika kazi hii huchosha, kwa hivyo kama unaweza fanya wakati wa kiangazi. Nyama ya nazi iliyoachwa hutoa mafuta yanayoziba vitundu vya mkaa. Vunja vifuu vipande vya ukubwa wa kucha ya dole gumba.

2. Choma bila hewa. Toboa tundu moja dogo kwenye kifuniko, lenye upana wa msumari wa inchi nne. Jaza kopo vipande vya vifuu, funga, na uliweke katikati ya moto mkali. Mwanzo utaona mvuke mweupe, ambao ni maji. Baadaye utatoka moshi wa manjano unaoshika moto pale tunduni, na uache uwake. Moto wa tunduni ukizimika wenyewe na moshi ukakatika, ongeza nusu saa kisha ondoa kopo jikoni. Kwa kopo la lita nne au tano kazi nzima huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Moshi huu una gesi ya sumu, kwa hiyo usiifanye kazi hii jikoni ndani wala chini ya dari la makuti.

Onyo: ziba tundu kwa udongo mbichi mara tu unapoondoa kopo, na usilifungue hadi kesho yake. Mkaa wa moto ukikutana na hewa huwaka wote, na utakuta majivu. Ukifungua, mkaa uliokamilika ni mweusi unaong'aa, huvunjika kwa mlio kama wa kigae, na uzito wake huwa kiasi cha robo hadi theluthi ya vifuu ulivyotia. Kipande kilicho na ukahawia ndani kirudishwe motoni.

3. Ponda na uchekeche. Ponda kwa kinu, kidogo kidogo, ukiwa umevaa barakoa. Chembe zilizopita kwenye chekecheo la milimita 2 zikakataa kupita kwenye la milimita 0.5 ziweke kwa ajili ya bomba. Unga uliopita chini ya milimita 0.5 uweke kando kwa majaribio ya maabara, kwa sababu hunasa haraka zaidi ingawa haufai bombani. Andika kwenye kila chupa tarehe na ukubwa wa chembe. Watu huona haya kuandika jambo dogo kama hilo, kisha baada ya wiki mbili hawajui chupa ipi ni ipi.

4. Osha, na uoshe tena. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu majaribio mengi. Majivu ya vifuu yana potasiamu na hufanya maji yawe na ubesi. Oksitetrasaiklini, antibayotiki ya kuku tutakayoanza nayo, ikikaa kwenye maji yenye ubesi huvunjika yenyewe, nawe utadhani mkaa wako umeinasa. Loweka mkaa ndani ya maji ya moto kwa saa moja, mwaga maji, rudia. Pima pH ya maji ya mwisho na uilinganishe na pH ya maji uliyotumia kuoshea. Zikikaribiana ndani ya tofauti ya 0.3, na maji yakawa meupe bila ya vumbi jeusi, basi. Mimi huwa ninaosha mara sita au saba. Ukitumia maji ya kisima kwa mara za mwanzo si neno, lakini kwa mkaa wa maabara mara mbili za mwisho ziwe za maji yaliyokenekwa.

5. Kausha na uhifadhi. Kausha kwenye oveni ya nyuzi 105 za Selsiasi usiku mzima, au juani juu ya sinia safi hadi uzito usibadilike. Hifadhi kwenye chupa inayobana. Mkaa uliowekwa wazi karibu na kopo la mafuta ya taa au rangi hunasa harufu hizo, na nafasi ya dawa hupungua kabla hujaanza.

6. Kuamilisha (kwa walio na maabara peke yao). Mkaa wa kawaida wa kifuu unatosha kujifunzia. Ukitaka wenye nguvu zaidi, chukua unga wa vifuu *ambavyo havijachomwa*, uchanganye na asidi ya fosforasi iliyozimuliwa, kiasi ambacho asidi halisi na unga vilingane kwa uzito. Uache usiku mmoja, ukaushe kwa nyuzi 105, kisha uchome kwenye tanuri la maabara ndani ya chombo cha kauri kilichofunikwa, nyuzi 450 hadi 500, kwa saa moja. Osha kwa maji ya moto hadi pH ifike 6 au 7. Daima tia asidi kwenye maji na si maji kwenye asidi. Kazi hii haifanywi nyumbani, na msimamizi wa maabara awepo.

7. Tayarisha maji yenye dawa. Anza na oksitetrasaiklini. Ndiyo inayotumika sana kwenye mabanda ya kuku, na kilele chake cha usomaji kiko karibu na nanomita 355, mbali kidogo na mahali ambapo rangi za mimea husumbua zaidi. Pima miligramu 100 za dawa safi, yeyusha katika lita moja ya maji, nawe una miligramu 100 kwa lita. Funga chupa kwa karatasi ya alumini kwa sababu mwanga huivunja dawa hii, iweke kwenye jokofu, na utengeneze mpya kila baada ya siku chache.

Poda za kuku zinazouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo usizitumie kwa vipimo. Nyingi zimechanganywa na sukari ya kujazia, na baadhi zina vitamini zenye rangi ya manjano ambazo mashine itazisoma pamoja na dawa.

8. Tengeneza vipimo linganishi. Chukua flaski tano za mililita 100. Tia mililita 2, 5, 10, 15 na 20 za maji ya dawa ya hatua ya 7, kisha jaza maji hadi kwenye alama. Sasa una miligramu 2, 5, 10, 15 na 20 kwa lita. Soma kila moja kwenye nanomita 355 na uchore mstari wa usomaji dhidi ya kiasi cha dawa. Mstari usipokuwa mnyoofu, rudia, na usiendelee na hatua inayofuata kwa matumaini.

Hapa pana jambo la kwetu hasa. Maji ya visima vyetu ni magumu kwa sababu ya jiwe la chokaa, na kalisiamu hushikana na oksitetrasaiklini. Hii ndiyo sababu mfamasia hukukataza kumeza dawa za jamii ya tetrasaiklini pamoja na maziwa. Ikishikana na kalisiamu, kilele cha usomaji husogea. Kwa hiyo ukipima kwa maji ya kisima cha Makunduchi, vipimo linganishi navyo vitengenezwe kwa maji ya kisima hicho hicho, si kwa maji yaliyokenekwa. Maji ya kisima cha pwani yenye chumvichumvi nayo yana mstari wake.

9. Fanya jaribio la kutikisa. Tayarisha maji ya miligramu 20 kwa lita kwa kuchukua mililita 200 za maji ya hatua ya 7 na kuyajaza hadi lita moja. Kisha panga chupa za aina tatu:

- chupa A, tatu kwa kila muda: mililita 50 za maji ya dawa na gramu 0.1 za unga wa mkaa;
- chupa B: mililita 50 za maji yasiyo na dawa na gramu 0.1 za mkaa;
- chupa C: mililita 50 za maji ya dawa bila ya mkaa.

Funika zote kwa alumini. Zitikise kwa mashine, mizunguko 150 kwa dakika, au kwa mkono kila baada ya dakika tano kama mashine haipo. Toa chupa baada ya dakika 5, 15, 30, 60, 120 na 240, chuja, na usome. Mililita tano za mwanzo zinazopita kwenye karatasi zimwage, kwa kuwa karatasi yenyewe hunasa dawa kidogo.

Wanaoanza hutaka kuziacha chupa B na C ili kuokoa dawa na muda. Nasema bila ya kuficha: jaribio lisilo na B na C silisomi. Chupa B hukuonesha mkaa wako unatoa nini majini. Chupa C hukuonesha dawa iliyopotea kwa mwanga, kwa kuvunjika au kwa kushika kwenye kioo. Bila ya hizo mbili, hata jani la mwembe litaonekana ni kinasa kizuri.

10. Piga hesabu. Toa usomaji wa B kutoka kwenye usomaji wa A, kisha ubadilishe kuwa miligramu kwa lita kwa kutumia mstari wako. Kianzio kiwe kile kilichosomwa kwenye C, si kile ulichokusudia kutia. Tuseme C ina miligramu 20 kwa lita na A imebakiwa na 6. Kilichoondoka ni 14, yaani asilimia 70. Kiasi kilichonaswa na kila gramu ya mkaa ni 14 mara lita 0.05, ugawe kwa gramu 0.1, sawa na miligramu 7 kwa gramu. Andika namba zote mbili, kwa sababu asilimia peke yake hudanganya: ukitia mkaa mwingi wa hovyo, utafika asilimia 95 bila ya shida.

Rudia kwa gramu 0.05, 0.2 na 0.4, na kwa pH tofauti kati ya 5 na 8. Wakati ambao usomaji hauteremki tena ndio muda wa kugusana unaokutosha.

11. Jenga bomba. Chukua bomba la plastiki la inchi nne, lenye urefu wa mita moja. Chini tia kokoto sentimita 5, kisha mchanga wa machimbo uliooshwa sentimita 10, kisha chembe za mkaa sentimita 60, na juu mchanga sentimita 5. Mchanga wa pwani haufai, kwa sababu una chumvi na wenyewe kwa sehemu kubwa ni chokaa. Mkaa uloweke usiku mzima kabla ya kuutia, na ujaze maji kutoka chini kwenda juu ili hewa itoke. Hewa iliyonaswa hufanya maji yatafute njia moja na kuuacha mkaa mwingine mkavu.

Mpira wa kutolea maji uunganishe chini, lakini mdomo wake uupandishe hadi juu ya usawa wa mkaa. Kwa njia hiyo mkaa hubaki ndani ya maji hata usiku usipotumika.

Mkaa wa sentimita 60 kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 10 huchukua lita 4.7. Ukitaka maji yakae ndani kwa dakika 15, yapitishe kiasi cha lita 19 kwa saa, yaani ndoo moja ya lita 20 kwa zaidi kidogo ya saa moja. Ni mwendo wa kobe, na watu hukosa subira wakafungua bilula yote. Maji yakikimbia, dawa hupita nayo. Kama banda lako linatoa ndoo kumi kwa siku, jenga mabomba mawili au matatu badala ya kuharakisha moja.

Maji ya banda yasimiminwe moja kwa moja bombani. Yaache yatuame siku nzima kwenye pipa, kisha yapitishe kwenye ndoo ya mchanga. Uozo wa kinyesi ulioyeyuka hugombania nafasi na dawa juu ya mkaa, na huo ni mwingi kuliko dawa mara nyingi sana.

12. Jua wakati wa kubadilisha. Spektrofotometa ya kawaida huona miligramu, ilhali mabaki ya dawa kwenye mazingira mara nyingi huwa kwenye mikrogramu au chini yake, na hayo yanahitaji mashine kubwa zaidi. Kwa hiyo lipime bomba lako kwanza kwa maji uliyoyatia dawa mwenyewe, huku ukisoma maji yanayotoka kila baada ya ndoo tano. Yanayotoka yakifikia sehemu moja ya kumi ya yanayoingia, mkaa umechoka. Usichukue zile miligramu 7 kwa gramu za maabara ukazizidisha kwa kilo za mkaa wa bombani. Kwenye maji ya banda utapata kidogo sana kuliko hapo, na kwa usalama badilisha mapema.

13. Tupa kwa uangalifu. Mkaa uliochoka umebeba dawa yote iliyoondoka majini. Usiutie shambani kama mbolea, usiutupe baharini, na usiupikie. Ukaushe kwenye sinia iliyofunikwa, uufunge kwenye mfuko mzito wenye maandishi, na uombe ruhusa uchomwe kwenye tanuri la taka za hospitali lenye joto kubwa. Mabaki ya maji ya dawa ya maabara nayo yasimwagwe kwenye sinki. Yatikise na mkaa mpya kwa siku nzima, kisha mkaa huo uende pamoja na mwengine.

Mambo yakienda mrama

*Usomaji wa A umepanda badala ya kushuka.* Mkaa unatoa rangi. Tazama chupa B. Kama nayo imepanda, rudi kwenye hatua ya 4, na kama kuosha hakusaidii, vifuu havikuiva na vinahitaji kurudi motoni.

*Chupa C imeshuka sana.* Dawa inavunjika yenyewe. Angalia kama alumini imefunika vizuri, kama pH imepanda, na kama maji ya dawa ni ya wiki iliyopita. Ukitumia amoksilini, jua kwamba haidumu kabisa ndani ya maji, kama ilivyo ile ya watoto ya kuchanganya nyumbani ambayo hutupwa baada ya wiki moja au mbili.

*Chupa tatu za A hazifanani.* Mara nyingi ni mizani au unga usiochanganyika. Gramu 0.1 ni kidogo sana, na feni ya dari ikiwa inazunguka, mizani haitulii. Izime. Kosa likiendelea, tumia gramu 0.5 kwa mililita 250.

*Maji yaliyochujwa bado yana weusi.* Vumbi la mkaa huzuia mwanga na kuipa mashine usomaji wa uongo. Chuja mara mbili, au yazungushe kwenye mashine ya kutenganisha kwa dakika kumi, kisha usome maji ya juu bila ya kutikisa.

*Kwa maji yaliyokenekwa ilifika asilimia 80, kwa maji ya kisima imeshuka hadi 50.* Hilo si kosa, na wala usilifiche kwenye ripoti. Kalisiamu, chumvi na uozo ulioyeyuka vinachukua nafasi. Ongeza mkaa au muda, na namba ya kisima ndiyo uiweke mbele, kwa sababu hakuna banda linalooshwa kwa maji yaliyokenekwa.

*Bomba limeziba.* Ondoa sentimita mbili tatu za mchanga wa juu, uoshe na uurudishe. Likiziba tena ndani ya siku mbili, tatizo liko kwenye pipa la kutuamishia. Kama hata hivyo maji hayapiti, unga wa chini ya milimita 0.5 uliingia pamoja na chembe, na hapo hakuna njia ila kumwaga mkaa wote na kuuchekecha upya.

*Maji yanayotoka yananuka yai bovu.* Bombani hamna hewa na bakteria wameshakaa. Bomba limekaa bila ya kutumika, au maji ya banda yanaingia yakiwa mazito mno. Mkaa huo uutoe wote, uuhesabu kuwa umechoka, na uanze upya na mwengine baada ya kuosha bomba kwa maji ya klorini na kulisuuza vizuri.